Mwaka Watu Walipomwogopa Mama

Desemba ni mwezi wa mafundi cherehani. Mvua za kwanza zikishagusa vumbi la Katindiuka, wazazi huanza kuleta vitambaa vya magauni ya rinda, vya mashati ya watoto, na vitenge vya kina mama wa kwaya. Mwaka ule rundo lilikuwa limefika kimo cha meza, na nilikuwa nimeanza kukataa kazi. Halafu asubuhi moja mteja wangu wa siku nyingi alikuja akasimama nje ya kibaraza, hakuingia.

"Dada, naomba kitambaa changu," alisema. "Nimeona mwaka huu watoto wavae tu za zamani."

Nilimpa, sikuuliza kitu. Mchana walikuja wengine wawili, kila mmoja na sababu yake. Mmoja alisema anasafiri. Mwingine alizungumza nami huku macho yake yakiangalia mlango wa jikoni, na nilipompa kitambaa alikikung'uta kabla ya kukiweka kwenye mfuko, kama mtu anayekung'uta siafu. Hapo nikaelewa. Jikoni alikuwa mama yangu, anapuliza moto.

Siku chache kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mtoto wa jirani yetu. Alikuwa binti mdogo, hajaanza shule, mcheshi, mwenye tabia ya kupitisha kichwa kwenye ua wetu wa matete na kuita "Bibi!" mpaka aitikiwe. Jioni moja mama alimpa ndizi mbivu. Usiku mtoto alishikwa na homa, alfajiri degedege, na bodaboda iliyokuwa inamkimbiza hospitali ilirudi naye akiwa amefunikwa kanga. Mama alilia msibani kama walivyolia wengine. Alikaa mkekani na wenzake usiku wote, akasaidia kupika uji wa waombolezaji. Lakini siku ya pili ya matanga niliona kwamba uji aliokoroga yeye ulibaki kwenye sufuria.

Mama alikuwa mzee, mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu tangu nilipokuwa mdogo, kwa sababu alipika kwa kuni maisha yake yote, na kabla ya hapo alifukiza samaki wa mto pamoja na bibi yangu. Nilikua nikidhani macho ya mama wote yako hivyo. Sasa watu waliyaona kana kwamba ameyapata jana.

Katika bonde letu jambo la uchawi lina njia yake. Watu huchanga, anaitwa mganga kutoka mbali, na wanaotajwa hukusanywa, hunyolewa nywele mbele ya watu na kunyweshwa dawa. Wengine hurudi nyumbani na vichwa vyao vitupu, wakaishi. Kwa wengine mganga hasubiriwi. Wote tunajua habari hizo, na wote tunazisema kwa sauti ya chini, kama habari za kijiji kingine.

Kilichoniogopesha kwanza ni ukimya. Watoto waliokuwa wakipita mbele ya nyumba na kuimba "Shikamoo bibi" mpaka mama akachoka kuitika, sasa walipita wakikimbia. Wakubwa walipita wakiangalia simu zao. Mama alikuwa mtu wa kukaa kibarazani akisuka mkeka wa ukindu na kupokea salamu za watu kama mtu anayepokea mvua ya kwanza. Siku moja kijana mmoja alipita karibu kabisa, na mama akanyanyua uso, akangoja. Kijana hakumsalimia. Mama aliteremsha uso, akaendelea kusuka, lakini niliona vidole vyake vimekosea mpangilio, naye hakufumua.

Katika jumuiya yetu ndogo, mama ndiye aliyetengeneza pango la Noeli kila mwaka, kwa matete na nyasi kavu za mpunga. Mwaka ule walikutana kupanga mapambo na hakuna aliyetuita. Nilisikia kwa bahati, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa anasimulia mwenzake kisimani. Aliponiona nimesimama nyuma yake na ndoo, alinyamaza, akanipisha nichote kwanza. Nilikuwa sijawahi kupishwa pale kisimani.

Jiwe la kwanza lilipiga bati jioni, tukiwa tunakula. Nilidhani ni embe. Tulikuwa na mwembe nyuma ya nyumba na msimu ulikuwa wake. Lakini embe likianguka hujiviringisha na kudondoka chini. Hili lilipiga likakaa. La pili lilipiga karibu na mlango. Mama aliweka tonge alilokuwa ameshika, akanawa mikono taratibu, akaenda kukomea mlango. Kisha alikaa chini, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele.

"Mama, unaogopa?" nilimwuliza.

"Naogopa, mwanangu. Nikudanganye?"

Sikuwa nimewahi kumsikia mama akisema hivyo. Baba alipofariki alisema atavuka, na alivuka. Mto Lumemo ulipofurika na kuingia mpaka kitandani alipandisha magunia ya mpunga darini na kutuambia tunyamaze tusali. Nilikuwa nimemzoea akiwa mtu ambaye hofu inaishia kwake. Usiku ule nilitambua kwamba ukuta wa nyumba yangu ulikuwa ni yeye, na kwamba sasa ule ukuta ulikuwa unatetemeka.

Asubuhi nilimpigia simu kaka yangu, ambaye yuko Mang'ula na mke wake na watoto.

"Mlete huku leo," alisema. "Usingoje Krismasi. Mpandishe hata lori la mchanga."

Nilipomweleza mama, alikuwa anafua. Alikamua kanga mpaka tone la mwisho.

"Nikiondoka watasema nini?"

"Waache waseme. Utakuwa hai."

"Nikikimbia nimekubali," alisema. "Halafu watakuuliza wewe. Wewe ndiye utabaki na cherehani yako hapa, mtoto wa mchawi. Sitaki."

Nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinisikiliza vizuri, akanipa kiti, akaniahidi kuwaonya vijana. Alikuwa mtu mwema na sina la kumlaumu. Lakini aliponisindikiza mlangoni alisema, "Jioni msitoke toke," na katika maneno hayo niliona kwamba na yeye hakujua litakuwa nini.

Mama alianza kulala na viatu miguuni. Mimi niliweka panga chini ya godoro, kisha nikalitoa, kwa sababu nilifikiri kwamba mtu akiingia atalipata kabla yangu. Nilikuwa naamka kila mbwa akibweka. Mchana nilishona kazi chache zilizobaki, na mshono wangu ulikuwa umepinda kama wa mwanafunzi.

Kati ya kazi hizo kulikuwa na gauni moja ambalo sikujua nilifanyie nini. Lilikuwa la rangi ya machungwa, lina marinda mawili, na lilikuwa la yule mtoto aliyefariki. Mama yake alikuwa ameleta kitambaa mapema, akanipimisha mtoto akiwa anacheka kwa sababu futi ilimtekenya kwapani. Nilikuwa nimelishona lote isipokuwa pindo na vifungo. Nililikunja nikaliweka chini kabisa ya boksi, nisilione.

Siku mbili kabla ya Krismasi, alasiri, wingu likiwa limefunga upande wa mtoni, nilinyanyua uso kutoka kwenye cherehani nikamwona yule jirani amesimama mbele yangu. Alikuwa amejitanda kanga nyeusi. Nilitazama nyuma yake kuona amekuja na nani. Alikuwa peke yake, lakini sikuamini. Nilitazama mpaka kwenye kona ya ua.

"Nimekuja kuchukua gauni," alisema.

"Halijaisha, dada. Bado pindo na vifungo."

"Malizia. Nitangoja."

Alikaa kwenye benchi la wateja, mikono magotini. Nilitoa gauni, nikatia uzi kwenye sindano, na uzi ulikataa kuingia. Nililowesha ncha, nikajaribu tena. Yeye hakunitazama. Alikuwa anatazama lile gauni. Nilianza kukunja pindo. Sauti ya cherehani ilikuwa kubwa sana katika ule ukimya, na nilishukuru kwa sababu ilinipa cha kufanya.

Mama alitoka jikoni bila kujua kwamba kuna mgeni. Alikuwa na sufuria mkononi. Alisimama. Jirani yetu, ambaye ni mdogo hata kwangu, alikuwa amemsalimia mama kila siku tangu aolewe pale mtaani. Sasa alimwangalia tu, hakumwamkia. Mama aliweka sufuria chini. Nilitaka kumwambia arudi ndani. Nilitaka pia kusimama katikati yao, lakini nilibaki nimeshika gauni.

"Mama," jirani alisema, "ile ndizi ulimpa kwa nini?"

"Alikuwa na njaa," mama alijibu. "Aliniambia, bibi, njaa."

"Alikuwa amekula."

"Mimi sikujua kama alikula. Mtoto akiniambia njaa, nampa."

Jirani aliinamisha kichwa. Mabega yake yalianza kutikisika, lakini hakutoa sauti. Mama alipiga hatua moja kumwendea, kisha akasita, akarudi nyuma. Nilielewa kwa nini alirudi. Aliogopa kumgusa. Aliogopa kwamba hata mkono wake ungetafsiriwa.

Nilimaliza vifungo, nikalikunja gauni, nikampa. Aliuliza ni kiasi gani, nikatikisa kichwa. Alilibeba kifuani, akaondoka bila kuaga. Mvua ilianza mara tu alipovuka ua.

Usiku ule nilifikiri amekuja kutupima. Nilifikiri mume wake ndiye aliyemtuma kuja kuona mama atasema nini, ili maneno yake yapelekwe mahali. Mume wake alikuwa mtu mkimya, mlimaji hodari, na tangu mazishi alikuwa hapiti njia ya kwetu. Niliyapanga maneno ya mama kichwani na kuyapindua kila upande, nikitafuta lile litakalotuua.

Siku ya mkesha mama aliamka mapema, akapasha maji, akaoga, akatoa kitenge chake cha kanisani.

"Mama, tusali hapa hapa nyumbani," nilisema. "Mungu atatusikia."

"Atasikia," alisema. "Ila leo ndiyo siku aliyotoka yeye kuja kwetu. Mimi nitashindwa kutoka hapa kwenda pale?"

Padre alikuwa na misa parokiani mjini, hivyo kigangoni kwetu ibada iliongozwa na katekista. Kwa sababu ya mvua na tope iliwekwa saa kumi na mbili jioni, watu wawahi kurudi. Tulitoka bado kuna mwanga. Mama alitembea mbele na mshumaa wake umefungwa kwenye karatasi. Mila ya kigango chetu ni kila familia kuleta mshumaa wa kuweka mbele ya pango.

Sijawahi kuona njia ndefu kama ile, nami naijua tangu utoto. Kwenye kilabu cha pombe wanaume walikuwa wanazungumza kwa sauti, na tulipokaribia wakanyamaza. Mtu mmoja alisema, "Na huyo naye anaenda kanisani," na hakuna aliyecheka. Nilihesabu kwamba kama wangetufuata, mama hawezi kukimbia, na mimi siwezi kumbeba katika lile tope. Shingo yangu iliuma kwa kujizuia kugeuka.

Kanisani tulikaa benchi letu la kila mwaka. Mwanamke aliyekuwa amekaa pembeni alisogea, akasogea tena, kisha akainuka akaenda benchi la mbele. Wengine walimfuata. Tukabaki wawili kwenye benchi la watu wanane. Nyuma yetu pia palikuwa patupu. Kanisa lilikuwa limejaa, watu wamesimama mlangoni, na sisi tulikuwa kama kisiwa mtoni. Upande wa pili, karibu na mbele, alikuwa yule jirani yetu na mume wake.

Wimbo wa kwanza ulikuwa haujaisha, umeme ukakatika. Nje wingu lilikuwa limefunga kabisa, na mvua ilipiga mabati yasiyo na dari kwa kishindo. Giza liliingia humo ndani kama maji. Watu walianza kunong'ona. Nilimshika mama mkono. Niliwaza kwamba hapa, katika giza hili, mtu anaweza kufanya chochote na asijulikane. Nilikuwa kanisani, mkesha wa kuzaliwa Bwana, nami nilikuwa nasikiliza hatua za miguu.

Katekista aliwasha kiberiti, akawasha mshumaa mmoja wa altareni. Ni mkulima wa mpunga kama wengine, mtu mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza. Alingoja mvua ipungue kidogo.

"Nilikuwa nimeandika mahubiri," alisema, "lakini sioni kuyasoma. Basi nitasema kidogo.

"Herode alikuwa mfalme. Alikuwa na askari na alikuwa na kuta. Akaambiwa kuna mtoto amezaliwa, akaogopa. Mnajua alichofanya. Sisi huwa tunasema Herode alikuwa katili, na kweli alikuwa katili. Lakini wale watoto hawakuuawa na nguvu za Herode. Waliuawa na hofu yake."

Aliutoa mshumaa altareni, akausogeza karibu na watu. Kivuli chake kilirefuka ukutani.

"Giza la leo si hili la umeme kukatika. Giza ni mtu kumwogopa jirani yake mpaka akatamani afe. Na mimi ninalo. Wiki hii nimepita njia ya nyuma, kwenye matope, ili nisipite mbele ya nyumba moja. Mimi katekista wenu."

Mama aliinua uso, akamtazama.

"Mungu angeweza kuja kwa radi, tukazidi kuogopa. Amekuja mtoto mchanga, analia, anataka kunyonya. Nani anamwogopa mtoto mchanga? Na hiyo nuru tunayoiimba haikuja ili tumtafute mchawi ni nani. Imekuja tuonane nyuso. Mtu akiuona uso wa mwenzake vizuri, ni vigumu kumpiga jiwe. Basi. Washeni mishumaa yenu."

Aliwashia watu wa benchi la mbele, nao wakawashia wa nyuma yao. Moto ulikuja taratibu, uso mmoja ukitokea baada ya mwingine, na niliwaona watu wa mtaa wetu kama nilikuwa sijawaona kwa muda mrefu. Walikuwa wamekodoa macho. Walikuwa wanaogopa kama sisi. Jambo hilo lilinishangaza. Nilikuwa nimedhani hofu ni yetu peke yetu, kumbe nao walilala wakisikiliza mbwa, wakiwakumbatia watoto wao na kumuwaza mama yangu.

Moto ulifika kwenye benchi la mbele yetu ukasimama. Yule mwanamke aliyetuhama alikuwa ameshika mshumaa unaowaka, umbali wa kunyoosha mkono tu. Mama alinyoosha mshumaa wake. Yule mwanamke aliutazama, kisha akageuza uso mbele. Sidhani alikuwa na ubaya. Alishindwa tu. Mkono wa mama ulibaki umenyooka gizani.

Ndipo nikaona kanga nyeusi inainuka upande wa pili. Mume wake alimshika kanga, na yeye akaivuta taratibu mpaka ikamtoka mkononi. Alipita katikati ya kanisa akiukinga mshumaa kwa kiganja, kwa sababu upepo wa mlangoni ulikuwa unaupeperusha. Aliingia kwenye benchi letu tupu, akaja mpaka alipokuwa mama, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wasichana waliolelewa.

"Shikamoo mama," alisema.

Mama alimtazama usoni.

"Marahaba, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Mshumaa wa mama ulikataa kuwaka, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa ukitikisika. Jirani alimshika kifundo cha mkono, akakituliza, akasubiri mpaka utambi ukashika. Kisha akakaa. Hakurudi kwa mume wake. Alikaa pale, kati ya mama na ule utupu wa benchi, mpaka mwisho wa ibada. Nilisikia mlango ukifunguliwa na kufungwa, na nilipotazama, mume wake hakuwepo tena.

Watu hawakupiga vigelegele. Hakuna aliyekuja kutukumbatia. Lakini mwanamke wa benchi la mbele aligeuka akanipa moto mimi, macho yake yakiwa chini.

Tulirudi pamoja watatu katika tope, kila mmoja ameshika tochi ya simu. Mbele ya kilabu mama alinishika nguo. Jirani yetu alipita upande wa wanaume, akatembea polepole makusudi. Kwenye njia panda nilimshukuru, nikamwambia Mungu ambariki kwa kumwamini mama.

"Sijui, dada," alisema. "Sitaki kukudanganya. Kuna saa naamini ni homa, na kuna saa siamini. Ila nimechoka kuogopa. Naogopa kulala, naogopa kupika, naogopa mtoto wa mtu akinisogelea. Nikaona pale, kama naendelea hivi, nitakuwa nimezikwa pamoja na mwanangu."

Mama alisikia maneno hayo yote. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayekubali jambo la haki.

Siku ya Krismasi tulipika wali na kuku mmoja. Walikuja watu wachache, wakakaa ukingoni mwa viti. Katekista alikuja na mke wake, akala mpaka akaomba ukoko. Wengine walipita njiani wakasalimia kwa mbali, na mama aliitika kila salamu, hata zile zilizotupwa bila mtu kusimama. Usiku ule jiwe moja lilipiga bati tena. Lilikuwa moja tu, lakini mama alirudi kuvaa viatu kitandani.

Januari uliitishwa mkutano wa mtaa, na jambo la kumwita mganga likatajwa. Mwenyekiti alisema sheria hairuhusu, na watu waliguna. Ndipo jirani yetu alisimama. Alisema mtoto wake alikufa kwa homa, kwamba hakuna aliyemtuma mtu kuchangisha kwa jina la mwanawe, na atakayechanga asimtaje yeye. Mume wake alikuwa amekaa na wanaume, akitazama vidole vya miguu yake. Hakumpinga. Mchango ukafa pale, kwa sababu msiba ulikuwa wao.

Wateja wangu walirudi mmoja mmoja, wengi kwa Pasaka. Mama aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Watoto walianza tena kumwamkia, na yeye akaanza tena kukaa kibarazani. Lakini mlango aliufunga kabla ya jua kuzama mpaka mwisho wa maisha yake, na hakuwahi tena kumpa mtoto wa mtu kitu cha kula. Mtoto akimwambia "Bibi, njaa," alimwelekeza kwangu. "Mwambie mama fundi," alisema, na mikono yake aliiweka chini ya kanga. Jambo hilo liliniuma kuliko mawe. Najua nuru ilifika kwetu jioni ile, nilikuwepo, niliiona ikipita kutoka mkono hadi mkono. Lakini kuna kidonda ndani ya mama ambacho hakikuwahi kukauka.

Alifariki kwa ugonjwa wa kifua, kitandani kwake, kaka yangu akiwa amefika kutoka Mang'ula. Jirani yetu ndiye aliyenisaidia kumwosha. Aliniambia nikalale kidogo, nikakataa, tukamwosha pamoja.

Asubuhi ya mazishi nilienda makaburini na ndoo ya maji ya wachimbaji. Ulikuwa msimu wa masika, na kaburi lilikuwa likijaa maji kila walipochimba. Ndani ya shimo, magoti kwenye tope, alikuwa mume wa jirani yetu. Nilimkuta anachota maji kwa sahani na kuyamwaga nje, kisha anashika jembe tena. Wenzake walipokezana, yeye hakutoka. Sikuwahi kujua aliamini nini, wala nani alirusha yale mawe, na hajawahi kuniambia pole. Nilimpelekea maji kwenye kikombe. Alikunywa yote, akanirudishia kikombe, akaendelea kuchimba.